Daftari dogo, dakika kumi: jinsi ya kujizoeza kuchora kila siku

Fungua daftari lolote la kuchorea lililotelekezwa. Mara nyingi ukurasa wa kwanza umechorwa kwa uangalifu mno, wa pili umefutwafutwa hadi karatasi imechakaa, wa tatu umechanwa, na kuanzia hapo ni weupe mtupu hadi jalada la nyuma. Mwenye daftari akiulizwa atasema alikosa muda. Muda ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kilichomshinda ni kwamba aliugeuza kila ukurasa kuwa mtihani, na hakuna mtu anayetaka kufanya mtihani kila jioni.

Mwongozo huu unahusu daftari la aina nyingine: la kuchora vitu vilivyo mbele yako kwa dakika chache, bila kumwandalia mtu yeyote maonyesho. Ustadi huja, lakini huja nyuma ya kurasa nyingi zilizochorwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulijaza daftari, na hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa lengo hilo.

Hatua ya 1: Chagua vifaa visivyokuogopesha

Daftari lisilobebeka halichorwi. Saizi ya A6 (milimita 105 kwa 148) hukaa mfukoni; A5 (milimita 148 kwa 210) hukaa kwenye mkoba. A4 iache mezani nyumbani. Kama huna sababu ya kuchagua vingine, anza na A5 yenye jalada gumu, kwa kuwa jalada hilo ndilo litakuwa meza yako utakapochora umesimama au umekaa kwenye benchi.

Angalia pia namna kurasa zilivyofungwa. Daftari lililoshonwa kwa uzi hufunguka likalala bapa. Lililogandishwa kwa gundi peke yake hukataa kufunguka, na ukililazimisha mgongo hupasuka na kurasa huanza kuchomoka. La springi hufunguka vizuri na hukunjika hadi nyuma, ila kurasa zake husuguana, kwa hiyo michoro ya penseli husambaa. Tena ni rahisi mno kuchana ukurasa usioupenda, jambo ambalo mwanzoni ni kishawishi kibaya.

Unene wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80: inafaa kwa bolpeni na penseli, lakini wino wa majimaji huonekana upande wa pili. Gramu 100 hadi 120 hubeba kalamu nyingi bila shida. Ukitaka kupitisha brashi yenye maji kidogo, tafuta gramu 200 na zaidi, maana karatasi nyembamba hujikunja ikilowa na haikunjuki tena vizuri. Ubora usikuvutie kupita hapo. Karatasi ghali humfanya mtu asubiri wazo linalostahili kuchorwa juu yake, na wazo hilo haliji.

Chagua kitu kimoja cha kuchorea, ukibaki nacho kwa mwezi mzima. Bolpeni ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani: ukiigusisha kidogo inatoa mstari wa kijivu, ukiikandamiza inatoa mweusi. Kasoro yake ni vidonge vya wino vinavyojikusanya kwenye ncha, kwa hiyo kuwa na kipande cha karatasi cha kuifutia. Ukipenda penseli, B au 2B ndizo za kufanyia kazi. Za alama H ni ngumu na hutoa mstari hafifu, 4B na kuendelea ni laini, huisha ncha haraka na huchafua ukurasa wa jirani. Kalamu za ncha ya nyuzi ziwe za milimita 0.3 au 0.5, ya 0.1 hubonyea mapema mikononi mwa mtu anayekandamiza.

Kifutio kiache nyumbani. Anayefuta hutumia nusu ya muda wake kuondoa mistari, kisha anachora ule ule uliokosewa kwa sababu hana tena cha kulinganisha nao. Mstari uliokosewa ukibaki, ule sahihi utauchora kando yake, na jicho litaona tofauti.

Hatua ya 2: Ufunge muda wa kuchora kwenye jambo unalolifanya tayari

"Nitachora kila siku saa moja jioni" ni ahadi inayovunjika siku ya kwanza unapochelewa. Saa haikushiki mkono. Tukio hukushika: baada ya kumimina kinywaji cha asubuhi, ukishakaa kwenye kiti cha basi, ukisubiri maji yachemke, ukimaliza kuosha vyombo. Chagua moja tu, linalotokea kila siku bila wewe kulipanga, kisha weka daftari na kalamu pale pale tukio linapotokea. Siyo kwenye droo ya chumba kingine. Hatua kumi za kwenda kulichukua zinatosha kukughairisha.

Usiamini ule usemi kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoeza jambo dogo aliloliambatanisha na tukio la kila siku. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2009, yalikadiria kuwa jambo hufikia kufanyika lenyewe bila kujisukuma baada ya siku 18 kwa aliyewahi zaidi, hadi siku 254 kwa aliyechelewa zaidi. Katikati ilikuwa siku 66. Kwa hiyo ukiona wiki ya nne bado unajivuta, hujashindwa. Uko ndani ya kipimo. Na jambo lingine waliloligundua lina faida zaidi kwa mchoraji: kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yanayojengeka.

Weka kiwango cha juu na cha chini. Cha juu ni dakika kumi kwa mchoro mmoja, kwa mwezi wa kwanza, hata kama mkono umenoga. Ukiacha ungali na hamu, kesho ni rahisi kurudi. Cha chini ni dakika moja: kitu kimoja, mstari wa nje tu, na tarehe. Siku ya uchovu mchoro wa ufunguo uliochorwa kwa sekunde sitini unahesabika sawasawa na mwingine wowote.

Hatua ya 3: Uharibu ukurasa wa kwanza

Kwa makusudi. Jaribu kalamu juu yake, piga mistari, andika tarehe ya kuanza, jaza pembe moja kwa mizunguko. Baada ya hapo hakuna usafi wa kulinda.

Kurasa zinazofuata zigawe mapema kwa mstari mmoja wa wima na mmoja wa mlalo. Kwenye A5 utapata visanduku vinne, kila kimoja kama sentimita 7 kwa 10. Tumia viwili kwa siku: kimoja kwa mchoro wa dakika kumi, kingine kwa mchoro wa dakika moja wa kitu hicho hicho au kilicho jirani yake. Kisanduku kidogo kinajazika kwa wakati, na mchoro ukiharibika umeharibu robo ya ukurasa tu. Daftari la karatasi 24, likichorwa pande zote, lina kurasa 48. Ukitoa ule ulioharibiwa, kwa mwendo huo litaisha kwa siku 94. Ndiyo maana daftari jembamba ni bora kuliko nene: kulimaliza daftari kuna nguvu yake, na mwenye kurasa 200 hafiki huko.

Hatua ya 4: Amua cha kuchora kabla hujashika kalamu

Kutafuta "kitu kizuri" hula dakika zote kumi. Jiwekee kanuni ya kipumbavu lakini isiyo na mjadala, mfano: kitu cha kwanza kilicho kushoto kwangu nikikaa. Kikombe, chaja na waya wake, kiatu, miwani, taulo iliyotundikwa, mkono wako usiochora. Vitu vya kawaida vina faida moja kubwa: huwezi kuvichora kwa kukariri jinsi "vinavyopaswa" kuonekana, kwa sababu hujawahi kuvitazama vizuri.

Wiki mbili za kwanza baki na vitu visivyosogea, vilivyo umbali wa mkono. Wiki ya tatu ingia kwenye pembe ya chumba, dirisha na kilicho nje yake. Watu wasubiri wiki ya nne.

Epuka kuchora kutoka kwenye picha za simu. Kamera imeshakufanyia kazi ya kugeuza kina kuwa ubapa, na kazi hiyo hasa ndiyo unayotaka kuijua. Isitoshe, simu ikishawaka mkononi dakika kumi zina wenyewe.

Hatua ya 5: Dakika kumi za mchoro mmoja, moja baada ya nyingine

Tuseme ni kikombe chenye mpini, kimekaa mezani.

Dakika ya kwanza usichore. Tazama, kisha pima. Nyoosha mkono, kiwiko kimekakamaa, funga jicho moja, shika kalamu wima, na usogeze kidole gumba hadi urefu wa kikombe uwe sawa na sehemu ya kalamu iliyo juu ya kidole. Geuza kalamu ilale, ulinganishe na upana. Je, upana umeingia mara moja kamili, au umebaki? Kiwiko lazima kikakamae, kwa sababu ukikikunja umbali kati ya jicho na kalamu unabadilika, na kipimo cha pili hakilingani tena na cha kwanza. Halafu weka nukta nne kwenye kisanduku: juu, chini, kushoto, kulia. Mchoro wote utakaa ndani yake. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoanza na mpini kwa ustadi mkubwa, wakafika chini na kukuta kikombe hakina mahali pa kukaa.

Dakika ya pili hadi ya nne, chora maumbo makubwa kwa mistari myepesi. Mdomo wa kikombe ni duaradufu, na ncha zake mbili huviringika. Hazichongoki kama jani. Kitako pia kina upinde, tena kikombe kikiwa chini ya usawa wa macho yako, upinde wa kitako huwa wa duara zaidi kuliko wa mdomo, kwa kuwa kitako kiko chini zaidi na jicho linakiona kwa juu zaidi. Karibu kila anayeanza hukichora kitako kwa mstari ulionyooka. Anajua kwamba meza ni bapa, na anachora anachokijua badala ya anachokiona. Kosa hili peke yake hufanya vikombe vingi vionekane kama vimekatwa kwa msumeno.

Ukifika kwenye mpini, usiuchore mpini. Chora tundu lililo kati yake na kikombe. Tundu halina jina wala umbo uliloliweka kichwani tangu utotoni, kwa hiyo jicho hulipima bila upendeleo. Mbinu hiyo ndiyo suluhisho la viti, mikasi, matawi, na mkono uliowekwa kiunoni.

Dakika ya tano hadi ya saba, pitia mistari uliyoiamini kwa kuikandamiza kalamu zaidi. Palipopinda, weka mstari mpya kando, usonge mbele.

Dakika ya nane na ya tisa ni za kivuli. Finya macho hadi vitu vidogo vipotee na yabaki mapande ya mwanga na giza. Tumia viwango vitatu tu: weupe wa karatasi, kijivu kimoja, na cheusi kimoja. Kijivu kipatikane kwa mistari sambamba iliyoelekea upande mmoja, cheusi kwa kuikatiza mistari hiyo na mingine. Sehemu moja usiisahau, ule ukanda mwembamba mweusi mahali kikombe kinapogusa meza. Bila huo kikombe kitaelea hewani hata kama mengine yote ni sahihi. Kusugua kijivu kwa kidole hakushauriwi kwa sasa. Hulainisha makosa ya umbo badala ya kuyaonyesha.

Dakika ya kumi andika tarehe, saa, na neno moja au mawili: mwanga umetoka dirishani, mkono ulikuwa baridi, meza ilitikisika. Acha. Mchoro usiokamilika ni wa kawaida katika daftari hili.

Katika dakika zote hizo jicho liwe kwenye kitu angalau nusu ya muda. Ukijikuta umechora sentimita tano bila kuinua macho, umeshaanza kubuni. Dawa yake, mara moja kwa wiki, ni mchoro wa bila kutazama karatasi: kaza macho kwenye ukingo wa kitu, yafuate ukingo huo kwa mwendo wa kinyonga, na kalamu ifuate macho bila kuinuliwa wala kuangaliwa. Kitakachotokea kitachekesha. Kinachofanyiwa mazoezi hapo ni jicho na mkono kutembea kwa kasi moja, na mchoro wenyewe ni takataka za kazi hiyo.

Hatua ya 6: Watu, ambao hawatulii

Anza na waliozama katika jambo: anayesoma, anayesinzia, aliyeinamia simu. Hawa hurudia mikao yao. Akigeuka, usihangaike kumalizia kwa kubuni. Anza mchoro mwingine kando, na akirudi kwenye mkao wa kwanza, rudi nawe. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na watu watano nusunusu, na hiyo ni kazi nzuri ya siku. Visanduku vife siku hiyo.

Jipe sekunde thelathini hadi dakika moja kwa kila mkao, kwa mpangilio huu. Kwanza mstari mmoja kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Kisha mteremko wa mabega, kisha mteremko wa nyonga. Mtu aliyeegemea mguu mmoja nyonga yake hupanda upande wa mguu huo, na bega la upande huo mara nyingi hushuka. Kile kishimo cha chini ya koo huangukia karibu juu ya unyayo uliobeba uzito. Ukivipata hivi vitatu, mtu atasimama hata akikosa uso. Mikono hufuata, nguo ni za mwisho.

Vipimo vichache vya kukagulia: mtu mzima aliyesimama huwa na urefu wa vichwa kama saba hadi saba na nusu. Macho yako katikati ya kichwa, nusu kwa nusu kutoka kidevu hadi utosi. Wanaoanza huyapandisha juu kwa sababu hawahesabu paji na fuvu. Kiganja kilichonyooshwa hufunika uso kuanzia kidevu hadi karibu na mwisho wa paji la uso. Unyayo una urefu unaokaribiana na mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Kwenye umati ulio juu ya ardhi tambarare, ukiwa umesimama, vichwa vya watu wa kimo chako vyote huangukia kwenye mstari mmoja: usawa wa macho yako, awe mtu yuko mita mbili au mita hamsini. Kinachobadilika ni nyayo, zinazopanda juu kadiri mtu anavyokuwa mbali. Ukiijua kanuni hii, unachora foleni nzima kwa dakika tatu.

Muda usipotosha kwa rangi, ziandike kwa maneno. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipokuwa Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari kwa michoro ya haraka yenye majina ya rangi kando yake, kisha akaitumia kwa miaka mingi baadaye kutengeneza picha kubwa. "Kanga nyekundu, kivuli kinaelekea zambarau" huchukua sekunde nne kuandika.

Na adabu: kaa pembeni, usikodoe macho, na mtu akionyesha kutopenda funga daftari. Akiuliza, mwonyeshe. Wengi hutabasamu, hasa mchoro ukiwa mbaya.

Hatua ya 7: Yanayoharibika, na sababu zake

*Michoro inakuwa mirefu kuliko ilivyopaswa.* Daftari limelala bapa mezani na unaliangalia kwa mshazari. Sehemu ya juu ya ukurasa iko mbali na jicho, inaonekana fupi, nawe unairefusha bila kujua. Inua daftari kwa kuliegemeza kwenye goti au ukingo wa meza hadi likuelekee usoni.

*Penseli inasambaa.* Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, ukianza juu kushoto kama unatumia mkono wa kulia, juu kulia kama unatumia wa kushoto.

*Wino unatiririka ukipitisha maji.* Siyo kila wino hustahimili maji. Kabla ya kutegemea kalamu mpya, piga mstari, subiri dakika tano, pitisha kidole kilicholowa. Ukiacha alama ya kijivu, kalamu hiyo ibaki kwa michoro mikavu, au uitumie hivyo kwa makusudi kutia vivuli.

*Umekosa siku tatu.* Usilipe deni. Anayejiambia atachora michoro sita leo kufidia, kesho atakosa tena, kwa sababu deni limekua. Rudi na mchoro wa dakika moja kwenye kisanduku kinachofuata, bila kuacha nafasi za siku zilizopita.

*Umechoka na vitu vilevile.* Mtu huwa anakimbilia kununua kalamu mpya. Badilisha sharti badala yake: kikombe kile kile kutoka pande sita, au matundu peke yake bila vitu, au tazama kwa dakika mbili kisha geuka uchore kwa kumbukumbu na urudi kukagua.

*Umeanza kuchora kwa ajili ya watazamaji.* Hii hutokea kimyakimya kwa wanaoweka kila ukurasa mtandaoni. Ghafla vitu vyote vinakuwa vizuri, na kurasa za majaribio zinatoweka. Daftari lisionyeshwe hadi lifike nusu.

Hatua ya 8: Kagua kila kurasa kumi na tano

Kaa na daftari, upitie kwa mfululizo, na utafute kosa moja linalojirudia. Labda vitu vyote vinaegemea kulia. Labda cheusi hakipo popote. Labda kila mchoro umegongana na ukingo wa kisanduku. Andika kosa hilo kwa ufupi juu ya ukurasa unaofuata, nalo peke yake liwe la kuangaliwa kwa kurasa kumi na tano zijazo. Ukijaribu kurekebisha manne kwa pamoja mkono utaganda. Siku ya ukaguzi chora tena kitu ulichokichora mwanzo kabisa, kwa dakika zile zile kumi, bila kukitazama kile cha zamani. Uvilinganishe baadaye.

Zikibaki kurasa kumi, tafuta daftari la pili la saizi ile ile na uliweke palipo na la kwanza. Mapengo mengi ya miezi huanzia kwenye wiki ile ambayo daftari moja limeisha na lingine halijapatikana. La kwanza likijaa, andika tarehe mbili mgongoni mwake, ya kuanza na ya kumaliza, na siku hiyo hiyo uharibu ukurasa wa kwanza wa hilo jipya.